Redio ya Marehemu

Mume wa fundi cherehani mmoja aliitwa Profesa, jina alilopewa kijiweni na watu wasio na kazi kama yeye. Tangu astaafu utarishi, kazi yake ilikuwa kusema. Mkewe alishona, akalipa pango, akamsikiliza kwa sikio moja. La pili alilitega redioni. Redio hiyo aliinunua usichanani, kabla hajapata mkosi wa kuolewa.

Ilipotoweka mezani, Profesa alisema ameipeleka kwa fundi redio. Wiki zikapita. Ndipo mteja mmoja, akipimwa kiuno, akasema, "Shoga, redio yako nimeiona makumbusho ya historia ya redio. Imewekwa ndani ya kioo kama keki!"

Fundi cherehani akaacha gauni halina mikono, akaenda.

Makumbusho yenyewe yalikuwa vyumba viwili vinavyonuka rangi. Simu za upepo za polisi, vidude vya kugonga ishara, redio kubwa kama makabati, vyote kimya. Hapo katikati, redio yake. Juu yake picha ya Profesa ndani ya koti la kuazima, kidevu juu, utadhani mawimbi kayavumbua yeye. Chini pameandikwa: "Zawadi ya mtafiti wa redio, kwa kumbukumbu ya marehemu mkewe."

Profesa mwenyewe alikuwa pembeni, anawachosha wageni wawili kwa maelezo.

"Baba watoto," mkewe akamwita, "nimekufa lini?"

Profesa akamsogelea haraka. "Mama watoto, punguza sauti. Walitaka mwenye redio akubali. Wewe ungekubali?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali kuniua kuliko kuniomba."

"Ni heshima yetu sote!"

"Yetu? Hata kwenye kifo changu umejiandika wewe."

Mtunza makumbusho, kijana mpole, akamgeukia Profesa. "Mzee, si juzi tu tulisimama kimya hapa, tunamwombea huyu mama? Na wewe ukalia!"

"Alilia?" fundi akauliza. "Basi hiyo ndiyo kazi ngumu aliyoifanya mwaka huu."

Wageni wakashindwa kujizuia, wakacheka. Mtunza makumbusho akafungua kioo, macho chini. "Tuwie radhi, mama. Mwenyewe yu hai, chukua mali yako."

Fundi akaikumbatia redio yake.

"Na picha ya mzee?" kijana akauliza.

"Bakini nayo. Hiyo angalau haisemi."

Profesa akafungua mdomo aeleze. Mkewe alikuwa ameshatoka.