Nani Kamchinja Sungura

Mama aliniambia nikifungua mdomo wangu mbele ya mgeni, kichwa changu kitaingia sufuriani pamoja na sungura. Nilimwamini. Tangu asubuhi alikuwa akionja mchuzi kwa wasiwasi mpaka ukapungua.

Mgeni ni Mzanzibari, rafiki yake wa kupakia naye mizigo. Safari iliyopita kontena lilifungwa bandarini Nansha, huku kwa Wachina, maboksi ya mama yakiwa ndani, ya mwenzake yakabaki nje. Tangu hapo walikuwa wakipanda lifti moja pale jengo la Tianxiu, kila mmoja akisoma namba za ghorofa. Sasa alikuwa amekubali kuja kula. Asingekula, urafiki ungeishia mezani petu.

Sungura alipikwa Kikrioli, kama tulivyofundishwa na jirani yetu wa Morisi: nyanya, vitunguu vingi, thaimu, karafuu kidogo, moto mdogo hadi nyama iachie mfupa. Harufu yake ilinifanya nimsamehe hata mwalimu wa hesabu.

Mgeni akanawa, akakaa, akalitazama bakuli. Hakugusa kitu.

"Kachinja nani?"

Kwetu Mwanza, hata sisi Wakristo humwita Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote ale bila shaka. Kwa hiyo mama alikuwa amenituma na sungura hai ndani ya boksi kwenye bucha ya Mchina Mwislamu, kule mtaa wa Xiaobei. Akanigeukia sasa, anajiamini kabisa.

Hakujua nilichofanya. Buchani nilikuta pamefungwa. Nikamkimbiza sungura na boksi lake kwa Mwislamu wa karibu niliyemjua. Akamchinjia kwenye sinki nyuma ya ofisi yake, akanisihi nisimwambie mtu, hasa mkewe, aliyempiga marufuku kusalimiana na sisi.

Mkewe ndiye huyu mgeni.

"Mwanangu, nakuuliza wewe," mgeni akasema.

Mama alikuwa amekamata kona ya kitambaa cha meza.

"Bwana wako, mama," nikamwambia mgeni. "Shikamoo."

Mgeni akaliangalia bakuli tena. Mchuzi ukaendelea kufuka mvuke.

"Yule?" akauliza. "Mie nikimpa kuku achinje, aniambia aogopa damu."

Akalivuta bakuli, akachagua paja.

"Dada, lete wali. Na wewe, mpigie simu aje ale alichochinja. Hapa, mbele yangu."

Mama akaleta wali, akakaa, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nikasimama na simu mkononi, naomba yule mzee asipokee.