Dakika Tano za Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jumba la sinema karibu na mtaa wa Al Rigga, nchi ya Waarabu, msimamizi wetu, Madam mmoja Mfilipino, alinipa tochi na mfuko mweusi. "Mama, zikibaki dakika tano, ingia, simama ukutani. Taa zikiwaka, yalla, haraka!" Kati ya onyesho moja na jingine tulikuwa na robo saa tu. Tuliiita pengo. Ndani ya pengo, kila kiti kiwe safi.

Basi mimi nimeona miisho ya filamu nyingi kuliko mtu yeyote mnayemjua. Mwanzo, wakati ule sikuwa nimeona hata mmoja.

Ikaja filamu ya Kifaransa. Mwanamume na mwanamke wa makamo, waliopendana ujanani, wanaagana kituo cha treni. Mwanamke anapanda, mwanamume anabaki na mwavuli wake. Mara nne kwa siku nayaona hayo, kisha naokota bisi na karatasi zilizolowa machozi.

Wiki hiyohiyo Athmani akanitafuta. Huyu alinipenda Mombasa kabla sijaozwa kwa mwingine. Sasa alikuwa mlinzi wa ghala Jebel Ali, mkewe amefariki, nami mjane. Akataka kuniposa.

"Khalas, basi, Athmani. Mapenzi ya zamani najua yanavyoisha. Nayaona mara nne kwa siku."

"Na yanavyoanza, Zuhura, umeyaona?"

Jumanne, siku yangu ya mapumziko, akakata tiketi mbili za filamu ileile. Madam akaniona mlangoni na buibui jipya. "Mama, leo mteja? Usimwage bisi, nani atafagia?"

Nikatazama tangu mwanzo. Kumbe yule mwanamke alikuwa na mume nyumbani, mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko! Ndiyo sababu alipanda treni. Mimi nilikuwa namkataa Athmani kwa sababu ya mume wa mtu, nami mume sina.

Taa zikawaka. Nikainuka, mkono tayari umeshika kikombe cha jirani.

"Kaa, Zuhura. Leo si kazi yako."

Nikakaa. "Kaka yangu yuko Mombasa," nikamwambia. "Mpigie, upose kama watu."

Tulioana, tukaishi miaka minne Rashidiya, kisha moyo wake ukasimama akinywa chai. Sasa nimestaafu, niko kwetu, na wajukuu huniuliza: ungalijua, ungalikubali? Maswali ya watoto. Kuona mwisho ndiyo kazi niliyoifanya. Nilijua mmoja wetu atapanda treni. Nyinyi mnaoanza leo kazi kama yangu, fagieni chini ya viti vya nyuma, huko ndiko watu husahau vitu. Na siku yenu ya mapumziko ingieni mapema, mkae.