Ndizi Zilizovuka Barabara Mara Nne

Mhandisi aliyekuja kuhesabu watu wanaovuka barabara kuu mbele ya chuo chetu alimhesabu kijana mmoja mara nne, na mara zote nne kijana alikuwa na beseni la ndizi kichwani, ndizi zile zile, na aliyesababisha yote hayo ni mimi, mwalimu wake. Naandika haya huku uso ukiniwaka. Lakini kwa kuwa Tunduma nzima inakisimulia kisa hiki vibaya (wapo wanaosema nilikuwa navuka na mimi, jambo ambalo si kweli), bora nikisimulie mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Chuo chetu kina kampasi mbili, zote upande mmoja wa barabara, na mji wote uko upande wa pili: soko, hospitali, mashine za kopi, chipsi. Katikati kuna foleni ya malori yanayosubiri kuingia Zambia, na mwanafunzi anayekwenda kununua daftari hupenya kati ya lori na lori, akiomba dereva asiondoe mguu kwenye breki. Ndipo tukasikia litajengwa daraja la waenda kwa miguu, moja tu, na maeneo yanayofikiriwa ni mawili: mbele ya chuo, au kule chini karibu na stendi, ambako wenye maduka walikuwa wamejipanga kuliko sisi. Mhandisi angekaa saa mbili kila eneo ahesabu wanaovuka. Penye wengi ndipo daraja.

Mimi ni katibu wa kamati ya daraja (nilichaguliwa kwa sababu mihtasari yangu inasomeka, hakuna sifa nyingine). Jumatatu jioni nikaambiwa Injinia atakuja kwetu kesho yake, saa nne hadi saa sita. Asubuhi barabara inajaa wanafunzi, saa sita wakitoka madarasani inajaa tena, lakini saa nne anayevuka pale ni mbuzi na mwenye mbuzi. Ningeweza kumpigia simu nimwombe abadilishe muda; namba yake nilikuwa nayo. Badala yake nikaandika kwenye grupu la darasa langu: "Wasio na kipindi saa nne, tafadhali nendeni mjini kwa shughuli zenu." Hapo ndipo pa kuanzia kunilaumu.

Chini yake Baraka, kiongozi wa darasa, kijana ambaye ukimpa kazi ndogo anakurudishia kubwa, akaongeza: "Na ukifika ng'ambo, rudi."

Saa nne Injinia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee mpole, shati limenyooshwa vizuri, fomu mapajani na mkononi kile kidude cha kubonyeza kinachohesabu. Nikasimama pembeni yake kama mwenyeji. Wanafunzi wakaanza kuvuka wawiliwawili, kidude kikawa kinalia, moyo wangu ukatulia.

"Watu wenu wanatembea," akasema.

"Hapa ndiyo kawaida yetu, Injinia," nikajibu, na hata sauti haikutetemeka.

Tatizo likaanza waliporudi na kuvuka tena. Wengine walikuwa wamegeuza makoti, wengine wamebadilishana kofia, na mwavuli mmoja mwekundu ukavuka na wasichana watatu tofauti. Baraka hakuwa na koti wala kofia, basi akaazima beseni la ndizi kwa Mama Neema, muuzaji wa pale kando ya barabara, akapita mbele yetu kwa mwendo wa mtu mwenye wateja. Akarudi. Akapita tena.

Safari ya nne Mama Neema mwenyewe akamfuata.

"Mwanangu, ndizi zangu zinatembea tangu saa nne, mbona haziuzwi?"

"Subiri kidogo mama, zinafanya kazi ya taifa."

Mama akaona fomu ya Injinia, hasira zikaisha palepale. "Kumbe mnaandikisha mbolea ya ruzuku? Na mimi niandike, baba. Shamba langu liko Ndalambo."

Neno mbolea, kwa mkoa wetu wa mahindi, halihitaji kurudiwa. Kufumba na kufumbua kulikuwa na mstari wa watu mbele ya kiti cha plastiki: waendesha bodaboda, akina mama wa mboga, na dereva mmoja wa lori aliyeacha gari lake likiunguruma, foleni ya nyuma yake ikasimama. Dereva wa Kizambia akatoa kichwa dirishani: "Mwe bantu, enyi watu, mko kwenye foleni, halafu mnapanga foleni nyingine?"

Injinia akaweka kidude chini. Akamwita Baraka.

"Kijana, ndizi hizi nimezihesabu mara nne. Nani amekutuma?"

"Hakuna, Injinia," akasema Baraka kwa adabu. "Madam hahusiki kabisa."

Hakuna aliyekuwa amenitaja.

Mzee akanitazama, akapiga mstari mrefu kuikata hesabu yote ya ukurasa wake, akafunga kalamu. Nikaanza kujieleza kuhusu ratiba ya vipindi, naye anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza mvua. Ndipo kengele ya saa sita ikalia na mageti ya kampasi zote mbili yakafunguka. Wakamwagika wanafunzi wa kweli, wenye njaa ya kweli, umati mzima ukipenya kati ya malori kwenda kula mjini, ule ule niliotaka auone.

"Na hawa umewapanga wewe?"

"Hapana, Injinia. Hawa ni wenyewe."

"Ungekuwa mimi, Madam, ungeamini?"

Wakati huo msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, anayetembea kwa gongo, alikuwa katikati ya malori mawili, na la nyuma likaanza kusogea. Injinia akainuka, akaingia barabarani na shati lake safi, akamnyooshea dereva kiganja mpaka msichana akapita. Akarudi, akafungua kalamu, akaandika kitu kifupi chini ya ule mstari. Nilinyoosha shingo, akakunja fomu.

Tangu siku hiyo simpangi mtu kwenda popote. Hata mgeni akija ofisini kwangu na vumbi liko mezani, analikuta. Baraka bado ni kiongozi wa darasa, na Mama Neema bado ananiuliza mbolea inakuja lini.

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa kupima eneo la daraja. Wakachimbia vigingi viwili vyekundu upande wetu wa barabara, wakafunga vifaa. Nikawauliza vya upande wa mjini viko wapi. Wakasema wamepewa viwili tu vya hapa, na kwamba jana yake walichimbia viwili vingine kule stendi, upande mmoja vilevile. Kwa hiyo hadi leo sijui daraja ni letu au la stendi, wala Injinia aliandika nini chini ya ule mstari.