Imprimante Yangu Ilivyomfanyia Papa Kilio Akiwa Hai

Ndiyo, ni mimi. Yule mama aliyegaagaa kwenye tope mbele ya nyumba yake mwenyewe, kitambaa cha kichwa kule, kiatu kule, akimlilia baba yake ambaye saa hiyo alikuwa bafuni anajisugua mgongo kwa raha zake, ni mimi Nsimire, na nimeona afadhali niseme mwenyewe kuliko kuendelea kusikia watu wa mtaa wetu wa Kadutu wakiisimulia vibaya (eti nilizimia; sikuzimia).

Kwanza mjue kwamba nyumbani kwangu natoa karatasi kwa imprimante, mashine ya kuchapa. Mialiko ya ndoa, nyimbo za kwaya, kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, vyote vinapita kwenye meza yangu pale salon, sebuleni, na kazi yangu ni safi, hilo hata adui zangu wanalikubali. Kwa miaka mingi nilikuwa na imprimante ya wino. Rangi zake zilikuwa nzuri ajabu, lakini ilikuwa inakwenda polepole kama mgonjwa anayepanda mlima, na zaidi ya hayo wino wake na mvua ya Bukavu havikupatana hata siku moja. Mwaka jana nilitoa matangazo ya concert ya kwaya yetu, nikayabandika mtaa mzima, mvua ikapita mara moja tu, na kesho yake kila karatasi ilikuwa inatiririka bluu na nyekundu, hakuna aliyejua tunaimba wapi wala saa ngapi, tukaimba mbele ya viti.

Kiti kimoja kilikuwa na mtu. Papa yangu, mzee Bagalwa, alikaa mbele kabisa na tai yake, akapiga makofi peke yake mpaka mwisho. Na tulipokuwa tunarudi akaniambia neno ambalo liliniingia na halikutoka.

"Usihuzunike, mutoto wangu. Batu ba leo banakuyaka tu ku kilio. Ku fête, kila mutu iko na kazi."

Sasa Papa huyo alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, na kila nilipomwambia tutamfanyia sikukuu alikuwa anatingisha kichwa: nani atakuja? Hata mdogo wake, Tonton Birindwa anayekaa kisiwani Idjwi, alikwisha kutuma habari kwamba hatafika kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Papa alicheka, lakini nilimwona alivyogeuza uso upande wa dirisha. Nikaapa moyoni kwamba parcelle yetu, nyumba na uwanja wake, itajaa siku hiyo mpaka watu wakose pa kusimama, na kama ni mvua ndiyo inayotuangusha, basi nitapambana na mvua.

Ndipo nikanunua imprimante ya laser. Sitawadanganya, nilitembea nayo kutoka mjini kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hiyo haitumii wino, inatumia unga mweusi, na ndani yake kuna moto unaoyeyusha ule unga mpaka unashika karatasi na hautoki tena. Jioni ile ile niliita nyumba yote, nikatoa karatasi moja, nikaimwagia kikombe kizima cha maji mbele yao. Herufi zilibaki pale pale. Nilizunguka salon nikiinua ile karatasi juu (nadhani nilicheza kidogo pia), wote wakapiga makofi isipokuwa bwana yangu, ambaye ni mwalimu na lazima atafute kosa, akaulizia rangi.

"Inatoaka couleur?"

"Couleur ni ya batoto," nikamjibu. "Siye tunataka kitu yenye kudumu."

Kumbe jibu hilo ndilo lililoniponza. Kama ningetulia hapo, nikaandika maneno tu, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi nilitaka tangazo la Papa liwe na picha yake. Nikachukua ile ya suti na tai, ambayo hajacheka hata kidogo (zamani zile watu hawakuwa wanachekea picha), nikaiweka katikati. Laser haifiki kwenye ukingo wa karatasi, inaacha pembeni peupe pabaya, kwa hiyo nikazungusha fremu nene nyeusi ili kupamba. Fremu ikala nafasi. Nilikuwa nimetaka kuandika "miaka themanini ya maisha", pakawa hapatoshi, nikasema haidhuru, nitaweka mwaka aliozaliwa, kistari, halafu mwaka huu, mtu atahesabu mwenyewe. Juu nikaandika: "Familia inawatangazia ndugu, jirani na marafiki." Chini: "Misa ya shukrani Jumamosi saa nne, halafu wote nyumbani." Nikasoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili, nikajipongeza.

Wewe unayenisikiliza umekwisha kuona. Mimi sikuona! Niliona tu jinsi karatasi zilivyokuwa zinatoka, moto moto kama mikate, moja inasukuma nyingine. Ni kweli kila mashine ilipoanza kupata joto disjoncteur ya umeme ilikuwa inaanguka na nyumba nzima inazimika, bwana yangu anapiga kelele kwa sababu ya mpira wake, na simu zetu zote zikalala bila charge. Simu ni kitu gani mbele ya kazi kama ile?

Ijumaa mchana nikatoka kubandika. Kwenye mlango wa parcelle yetu, kwenye boutique, karibu na kanisa, mpaka pale pikipiki zinapongojea abiria. Na niliona kabisa kwamba watu wanaguswa. Mzee mmoja alivua kofia mbele ya karatasi. Jirani yetu Maman Faida, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa anatafuna, aliweka mkono mdomoni, akapiga ishara ya msalaba, akaingia kwake bila neno. Nikasema moyoni: hii ndiyo nguvu ya laser. Mwingine alipiga picha na simu, nikamsogeza kidogo ili apate mwanga mzuri.

Jioni ikanyesha mvua ya kweli, ile inayoshusha mawe mlimani. Ilipokwisha nilikimbia mpaka mlangoni. Papa alikuwa pale kwenye fremu yake, mkavu, mweusi, anaonekana vizuri kuliko mchana. Nikapitisha kidole: hakuna kilichotoka. Nilimwita bwana yangu aje aone, na nilivimba sana, nasema ukweli.

Kesho yake asubuhi nikamwacha Papa anakunywa chai, vijana wa kwaya wanafunga bâche ya kukinga mvua na kupanga viti vya plastiki, nikaenda sokoni kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwani. (Mnajua nyinyi pia: bâche na viti vya sikukuu ndivyo hivyo hivyo vya kilio, havina tofauti.) Nilikawia kidogo, nikabishana bei, nikarudi na beseni langu kichwani nikiwa na furaha tele.

Kufika kona ya kwetu nikasikia mayowe. Nikaona wanawake wamejaa mbele ya mlango wetu, mikono kichwani. Wengine wamebeba kuni, wengine unga, wanaume wamesimama pembeni na nyuso zimeanguka. Na sauti ya Maman Faida ikiwa juu ya zote:

"Papa Bagalwa! Papa yetu! Unatuacha na nani!"

Jamani! Sikuuliza mtu. Sikukumbuka karatasi, sikukumbuka fremu, nilijua kitu kimoja tu, kwamba nilimwacha Papa anakunywa chai na amekufa mimi nikiwa nabishana bei ya samaki, siku ile ile niliyomwahidi kwamba watu watakuja. Beseni likaenda upande wake na mimi upande wangu. Nilianguka kwenye tope lile la mvua nikalia kwa Kiswahili na kwa Mashi, nikamwambia anisamehe, nikamwambia angeningoja hata kidogo, na wale wanawake waliponiona mimi mtoto wake nalia namna ile, hata wale waliokuwa bado na mashaka waliyaacha, mtaa mzima ukalipuka.

Katikati ya kelele hizo mlango wa bafu ukafunguka. Papa akatoka na taulo kiunoni, shati begani, povu la sabuni bado liko sikioni.

"Ni nani alikufa?"

Nyie! Mama mmoja aliangusha kuni zake zote. Maman Faida alimwangalia Papa, akaangalia mlangoni, akamwangalia Papa tena.

"Lakini Papa," akasema, "karatasi iko inasema ni weye."

Papa akaomba miwani yake. Akaenda mpaka mlangoni na lile taulo, watu wanampisha njia kama askofu, akasoma yote polepole kwa sauti, fremu akaifuata kwa kidole, akafika kwenye kistari akasimama. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa bado chini, tope mpaka kwenye nyusi.

"Nsimire. Mi nilikufa lini?"

Nilitamani ardhi ifunguke. Bwana yangu alisema tu "couleur", polepole, kama mtu anayesali, na sijamsamehe mpaka leo.

Lakini Papa hakukasirika. Aliinua macho akaangalia parcelle. Imejaa. Watu walikuwa ukutani, ngazini, njiani mpaka kwa jirani, na wote walikuwa na machozi mashavuni. Nikaona kifua chake kinapanda taratibu, na uso unafunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Mama atutoke.

"Bote aba, banalia juu yangu?" akauliza. Halafu akamgeukia jirani: "Maman Faida, lia tena kidogo. Kule mu bafu sikusikia muzuri."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilifika mpaka ziwani. Na hatujamaliza kucheka, Tonton Birindwa akatokea na koti jeusi, ametoka kwenye boti ya Idjwi (ile picha ya simu ilikuwa imevuka maji kabla ya jua kuzama, na simu zetu zilikuwa zimezimika, hakupata wa kumuuliza), anapepesuka kwa kulia, akamwona marehemu amesimama na taulo.

"Birindwa," Papa akamwambia, "ku fête yangu ngombe ilikuwa inazaa. Ku kilio yangu, imeisha kuzaa?"

Tonton alimshika kaka yake shingoni akalia upya, akisema njia nzima juu ya maji alikuwa anajiuliza atamwambia Papa nini na hakuna tena wa kumwambia. Papa naye akalia. Basi sote tukarudia.

Kiongozi wa kwaya akauliza sasa waimbe nyimbo gani. Tuliosha sambaza, kuni na unga walivyoleta kwa kilio vikapika sikukuu, na kanisani saa nne watu walisimama mpaka nje. Kwa hiyo mnicheke mnavyotaka, lakini parcelle nilisema itajaa, na ilijaa, na hakuna karatasi hata moja iliyochujuka kwa mvua.

Ile laser ninayo bado na naringa nayo. Ila sura ya mtu haitapita tena ndani yake, hilo nimeapa, na kistari kati ya miaka miwili sikiandiki hata nikibembelezwa. Papa alibandua ile ya mlangoni akaitundika salon, kila mgeni lazima aioneshwe na aambiwe nani alilia na nani alilia zaidi. Siku moja, mgeni alipoondoka, akabaki anaiangalia, akaniambia bila kugeuka:

"Ile siku nitakufa ya kweli, unitie mu couleur."

Nimemwahidi. Ile imprimante ya zamani ya wino nimeishusha kutoka kabatini, nimeifunika kitambaa, na kila Jumapili naiwasha kidogo ili isikauke. Lakini Mungu anajua sina haraka nayo.