Mti wa Mbele wa Machela

Kiburi changu hakikuwa cha mali wala cha elimu, kilikuwa cha miguu, nami nakiri kwa aibu kwamba kwa miaka thelathini, mimi mwalimu wa watu, nilikimbia kila alfajiri kutoka Kasese mjini kuelekea Kikorongo na kurudi, nikiwahukumu wenye vitambi niliowapita njiani (Mungu anisamehe, niliwahesabu miongoni mwa watenda dhambi).

Mwaka nilipotimiza hamsini na minne, nikiwa nyumbani kwetu kwenye vilima vya Bwera, jirani yetu Bibi Masika alizidiwa na homa, na chama chetu cha machela kikaitwa kumteremsha hadi barabarani, ambako dereva alikuwa amekwisha kusema hangoji sana. Desturi yetu ni kwamba aliyepita hamsini hufuata nyuma na maji ya mgonjwa. Baluku, kiongozi wa wabebaji, alinipa dumu kwa heshima. Nikamrudishia, nikashika mti wa mbele, na kila kona wenzangu walipobadilishana mimi nilikataa kupokewa.

Kona ya tatu mapaja yakaanza kutetemeka. Sikuelewa. Pumzi ilikuwa tele, moyo umetulia, na asubuhi ile ile nilikuwa nimekimbia huko huko vilimani. Ni nani basi aliyeyakataza magoti? Nilikuwa bado natafakari swali hilo nilipojikuta nimekaa chini katikati ya mibuni, machela imeinama, na Bibi Masika anateleza kunijia mgongoni, hata Baluku akaidaka.

Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye machela.

“Mwalimu, ni mimi iko mugonjwa ama ni wewe?”

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Walimchukua wakaondoka mbio, nami nikabaki nikiyakemea magoti kwa sauti kama wanafunzi watoro.

Aliyenikuta hapo ni Kabugho, mwanamke tuliyesoma naye darasa moja, ambaye nilimhubiria mara nyingi faida za mazoezi (yeye apandaye kilima kile kila siku). Alitua mihogo yake, akanipa bega.

“Magoti yangu ililia, nikapunguza mizigo,” alisema. “Yako pia ililia. Lakini wewe ulikuwa unakimbia, hukusikia.”

Tulipofika barabarani gari lilikuwa limeondoka na Bibi, na baada ya wiki alirudi mzima. Ningali nakimbia, polepole, wala sielewi bado miguu iliniacha lini. Ila machela ikiitwa nabeba dumu la maji, na kwenye kona ya tatu nalitaja kimoyomoyo jina la Kabugho.