Kinyozi Aliyemnyoa Kipanga

Ulikuwa mwaka wa njaa. Hapana, njaa ilikwisha pita. Ulikuwa mwaka uliofuata, maana mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Ndio mwaka polisi walipompiga risasi Kipanga, jambazi aliyetufanya tufunge milango kabla jua halijazama, wakamleta hospitali angali hai.

Kaka yangu alikuwa kinyozi, kibanda chake kikitazamana na lango la hospitali. Mgonjwa wa kupasuliwa kichwa hunyolewa kwanza, na waliyezoea kumwita ni yeye. Akaenda na wembe wake. Kipanga alikuwa amefungwa pingu kitandani, askari kasimama mlangoni. Kaka alipomwinamia, Kipanga akafumbua jicho moja, akanong'ona. Kaka akamjibu kama anavyomjibu kila mteja, maana kinyozi habishani na kichwa alichokishika: "Sawa, nimekusikia." Kipanga akakata roho, upande mmoja umenyolewa, wa pili bado.

"Kakwambia nini?" askari akauliza.

"Sijui, afande. Nilikuwa naangalia wembe."

"Mbona umesema umemsikia?"

"Hata wewe ukija kunyolewa nakwambia hivyo hivyo."

Walimweka ndani siku mbili, wakamwachia. Lakini hofu yenyewe ililetwa na wanaume wawili, watu wa Kipanga, walioanza kukaa ukutani ng'ambo ya barabara, asubuhi mpaka jioni. Siku moja mmoja wao akaingia, akakaa kwenye kiti, nywele zake za kunyolewa jana.

"Kinyozi, neno la maiti ni mzigo. Utue."

"Ndugu yangu, sina mzigo wowote."

"Basi tutakuja tukutue sisi."

Tangu hapo kaka akawa analala kwangu, kitanda kakisukuma mpaka mlangoni. Wateja wakapungua, nani atampa shingo yake mtu anayetetemeka? Nikamtania, "Kaka, siku hizi unanyoa au unachanja?" Hakucheka. Na mimi sikuwa na kicheko, nilikuwa najikaza tu.

Siku ya tisa akaja mama mmoja mtu mzima. Alikuwa mama yake Kipanga. Nilikuwepo, nasaidia kunoa wembe.

"Mwanangu, sikuja kwa ubaya," akamwambia kaka. "Mwenzio aliniachia neno?"

Kaka akatazama ng'ambo. Wale wawili walikuwa wameshasimama. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Kisha akainama, akamnong'oneza yule mama sikioni, kwa muda mrefu kidogo. Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuka barabara, akasema nao. Wakaondoka wote watatu. Hatukuwaona tena.

Kaka aliishi miaka ishirini na ushei baada ya hapo, na mlango ukigongwa alishtuka vile vile. Nilimuuliza mara nyingi, ya mwisho akiwa kitandani hajiwezi, naye akageukia ukutani: kaka, yale uliyomwambia yule mama aliyasema mwanawe, au ulimtungia?