Darubini ya Ghorofa ya Tatu

Fundi alimpima mkewe umbali kutoka jicho hadi jicho asubuhi, wakati bibi wa watu anakunywa chai yake kwa amani.

"Futikamba usoni ya nini? Unanishonea barakoa?"

"Tulia hivyohivyo. Usipepese."

"Nikifa utanipima sanduku hivihivi, na mikono yako ya baridi."

Akapata sentimita sita na nusu, akaandika kiganjani. Miaka thelathini na tano ya kushona suruali imemfundisha kwamba kila kitu duniani kinapimika, na kwamba anayekataa kupimwa ana kitambi anachokificha.

Mkewe ni mstaafu wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuchovya kijiti chenye alama kwenye mabwawa ya majitaka, kila asubuhi, kuona yamejaa kiasi gani. Watu wakiisikia kazi hiyo huziba pua hata kwenye simu. Ndege hawana maringo hayo. Mabwawa yale yamejaa bata, korongo na yangeyange kuliko mbuga ambako wenye nazo hulipa fedha ya mahari wapande gari lisilo na paa na kuwatazama ndege walewale. Yeye alikuwa analipwa yeye, tena na likizo juu. Ndiyo maana anawajua kama shangazi anavyowajua watoto wa nduguze: huyu mchoyo, yule mdokozi, na yule pale asikudanganye na upole wake.

Miaka miwili iliyopita mkono wa kulia ulianza kutetemeka, miguu nayo ikafuata mkumbo. Daktari aliupa ugonjwa jina refu, fundi akalisahau makusudi. Tangu hapo bibie haendi tena mabwawani. Anakaa dirishani, ghorofa ya tatu, hatua mia tatu kutoka majini, na korongo wake wawili wenye vishungi amewabakiza kama vidoa viwili vya kijivu. Mwaka jana mvua ilizamisha mayai yao. Mwaka huu wametaga tena, kwenye kisiwa cha matete. Wiki nzima alimkamata kila aliyeingia mlangoni, akiwemo msoma mita wa umeme.

"Mwanangu, wewe macho yako bado mapya. Hebu niangalizie, wameangua?"

Msoma mita alitazama kwa adabu zote, akasema anaona ng'ombe.

Ndipo fundi alipotoka kwenda kutafuta darubini, ya bei ya fundi.

Dukani kwa muuzaji wa kamera kuukuu zilikuwepo sita, zimening'inia kwenye misumari kama popo. Muuzaji akashusha iliyo kubwa kuliko zote.

"Mzee wangu, hii inavuta mara ishirini. Ukiielekeza kwa jirani, unajua alichokula juzi."

"Upana wa macho je? Nataka sita na nusu."

Muuzaji akaikunja katikati kama anayefunga kitabu. "Hii haina saizi, mzee. Uso wa paka, uso wa ng'ombe, wote inawakaa."

Fundi akaifuta ile sita na nusu ya kiganjani kwenye suruali.

"Na ile ndogo?"

"Ile mara nane tu. Ya kuchezea watoto."

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Kwa fundi wa nguo hii ndiyo sheria: kubwa hupunguzwa, dogo haliongezwi. Hajawahi kumnunulia mteja kitambaa pungufu, na hakuona kwa nini aanze na mkewe. Akasimama mlangoni na ile kubwa. Kwa mkono wake unaotunga sindano kwa jaribio moja, akasoma bango lililo mwisho wa barabara hadi namba ya simu. Akalipa.

Nyumbani bibie aliishika kwa mikono miwili, akaielekeza mabwawani.

"Nawaona," akasema. "Jamani, wamependeza!"

Fundi alienda kazini akipiga mluzi. Siku tatu akawa anarudi na swali moja, naye anajibiwa vizuri: wanatembea, wanakula, wanapendana kuliko wewe na mimi. Wateja wakashonewa suruali na simulizi za korongo juu yake, wapende wasipende.

Siku ya nne umeme ulikatika, akafunga kibanda mapema. Alimkuta mkewe dirishani, viwiko juu, darubini machoni.

"Leo wanafanya nini?"

"Wamewatoa watoto kutembea."

"Wangapi?"

"Wengi tu, mume wangu."

Fundi akasogea. Vifuniko viwili vyeusi vya mbele ya darubini vilikuwa vimekaa mahali pake. Mkewe alikuwa anatazama giza, tena kwa bidii.

Akavibandua taratibu, kimoja, kingine. Bibie akaishusha darubini mapajani.

"Nikitazama bila vifuniko, mabwawa yote yanaruka," akasema. "Maji yanaruka, matete yanaruka. Kichwa kinanizunguka mpaka nataka kutapika. Lakini ulikuja nayo unajichekea kama bwana harusi. Ningesemaje?"

"Ungesema, 'Fundi, umeharibu.' Mbona kwenye mboga unasema?"

"Mboga ni mboga."

"Kwa hiyo hao watoto..."

"Sijui. Sijui hata kama wameangua." Akageuzia uso ukutani. "Wakikua wataondoka, na mimi sitakuwa nimewaona."

Kesho yake fundi alikuwa dukani, ile kubwa kwapani, kabla mwenye duka hajamaliza kufagia.

"Mzee, kikitoka hapa kimeshaolewa. Hakirudi kwao."

"Hata walioolewa hurudi kwao, tena na masanduku. Nipe ile ndogo niijaribu."

Akasimama mlangoni na ile ndogo, akaanza kutetemeka. Hakutetemeka ovyo. Alianza na kidole gumba, kama mtu anayeviringisha punje ya mchele. Mtetemo ukapanda kwenye kifundo cha mkono, ukatulia alipobana kiwiko mbavuni, ukarudi kwa hasira zaidi. Wapita njia wakampisha.

"Mzee! Nikuitie gari la wagonjwa?"

"Nyamaza, najaribu mali."

Alizitetemekea zote sita. Ile kubwa ilimrushia barabara nzima, bango, magari na mbingu. Ile ndogo ilitikisika kama chombo kilichojaa supu, lakini haikumwaga. Bango lilisomeka, bila namba ya simu.

Muuzaji alikuwa ameacha kucheka. "Hiyo ni mikono ya nani?"

"Ya mke wangu."

Muuzaji akaipokea ile kubwa, akaitundika msumarini, akarudisha na tofauti ya bei bila kuulizwa. "Anavaa miwani?"

"Anavaa."

"Basi hizi raba za machoni mkunjie kwa nje, asiivue. Na mwambie aegemeze viwiko."

Hilo la viwiko halikuhitaji kurudiwa kwa mtu wa sindano. Kabla ya saa sita fundi alishapitisha cherehani: mto mzito, umeshindiliwa vipande vya sare za walinzi na sketi za shule, na bonde katikati la kulaza mikono. Akauweka kwenye kizingiti cha dirisha. Akamkunjia mkewe raba, akamlazia viwiko bondeni, akavitoa vifuniko mwenyewe na kuvitia mfukoni.

Bibie akatazama. Hakusema wamependeza. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, kama alivyokuwa akisoma alama za kijiti.

"Vipi?" fundi akauliza.

"Sss!"

"Wameangua?"

"We bwana, punguza sauti, utawashtua."

Fundi akapunguza sauti, kwa heshima ya ndege walio hatua mia tatu na ghorofa tatu chini. "Unaona nini?"

"Yule mkubwa amelalia. Hapana, anasimama. Kuna kitu kinatoka chini ya bawa... Fundi! Mguu! Mwembamba kama sindano yako ya mkono."

"Nione."

"Ngoja zamu yako."

"Niliinunua mimi."

"Na hao ni wangu. Mmoja huyo, ameanguka, ameinuka, mjinga huyo. Nyuma yake matete yanatikisika. Usinisogelee, unatikisa mto."

Fundi akaketi sakafuni chini ya dirisha, akaushika mto kwa mikono yote miwili usiteleze, akangoja kuambiwa habari za wa pili.